Maneno ya Kioo cha Nyuma: Uhakiki wa Safari ya Kwenda Kazini

Watu wanapotajiwa utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zao hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na mashairi. Ni wachache wanaokifikiria kituo cha basi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hata hivyo, mfanyakazi wa Dar es Salaam hucheza ngoma mara chache kwa mwaka, lakini hupanda basi mara mbili kila siku ya kazi. Humo hukisikia Kiswahili, hukisema na hukisoma. Humo hufurahi na humo huudhika. Na tabia anayofika nayo ofisini, shuleni au sokoni huwa imekwisha kufinyangwa njiani. Jambo linalochukua sehemu kubwa kiasi hicho ya maisha ya watu haliwezi kuwa nje ya utamaduni wao, na kwa kuwa lina lugha yake, halipaswi kuwa nje ya uhakiki.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki fasihi ya safari hiyo: majina ya vyombo, miito ya makondakta, na hasa maandishi yanayopambwa kwenye mabasi. Tutaitazama fani yake na maudhui yake kama tunavyotazama shairi au tamthilia. Tungependa mwalimu na mwanafunzi watufuate hatua kwa hatua, kwani mwishoni tutawaomba kazi ambayo sisi wenyewe tulichelewa kuifanya.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba safari ndefu ya kwenda kazini haikuzuka yenyewe. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji wa Dar es Salaam kwa mafungu ya rangi. Uzunguni kulikuwa upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika wakatengewa Kariakoo, Ilala na sehemu nyingine za nyuma. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya makazi ya Waafrika na mji wa biashara. Kwa hiyo kazi ikawa ng'ambo moja ya uwanja, na kitanda ng'ambo ya pili. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa mahali hapo. Basi kituo ambacho abiria wengi hushukia kila asubuhi kimerithi jina la watu waliokwenda kazini kwa miguu, mizigo kichwani, bila ya kuulizwa kama wanapenda.

Baada ya Uhuru mipaka ya rangi iliondolewa, lakini umbali ulizidi. Sensa ya 1967 iliukuta mji huu una watu wasiofika laki nne. Ile ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni tano. Nyumba zilienea hadi Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta, hali ofisi na maduka makubwa mengi yalibaki palepale Posta na Kariakoo. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilijitahidi kuwabeba watu hao, lakini mabasi hayakutosha. Ndipo yakazuka magari ya watu binafsi yasiyokuwa na idhini, yakaitwa chai maharage, ambamo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana. Mwaka 1983 Serikali iliwaruhusu watu binafsi kusafirisha abiria mjini, na daladala zikazaliwa.

Sisi tulikuwa wanafunzi wa sekondari katika miaka hiyo ya 1980, na tuliyaona hayo kwa macho yetu, mara nyingi tukiwa tumening'inia mlangoni.

Tuanze na majina. Wengi husimulia kwamba daladala zilipata jina kwa sababu nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano wananchi waliiita dala. Jirani zetu wa Nairobi nao waliyaita magari yao matatu kwa ajili ya sarafu tatu za senti kumi zilizolipwa zamani. Hapa pana jambo la kuzingatia. Miji miwili, kila mmoja kwa njia yake, ilikipa chombo jina la kile kinachotoka mfukoni mwa abiria, wala si jina la kule kinakompeleka. Msemaji wa kawaida hakuwa na haja ya mhakiki kumwambia uzito ulipo katika safari yake. Aliuona kila asubuhi alipohesabu fedha kiganjani, akaufanya kuwa jina.

Baada ya jina huja mwito. Mpita njia asiyezoea husikia kelele tu pale kondakta anapotangaza njia yake. Lakini mtu aliyefundishwa kuhesabu mizani atasikia jambo jingine. Kwa miaka mingi miito miwili imesikika katika mji huu: “Mbagala, Kariakoo!” na “Tegeta, Kariakoo!” Hebu mwanafunzi ahesabu. Mba-ga-la, mizani tatu, Ka-ri-a-ko-o, mizani tano, jumla nane. Te-ge-ta, mizani tatu; Ka-ri-a-ko-o, tano; jumla nane. Mwito wa kwanza ukiwekwa kuwa ukwapi na wa pili kuwa utao, tunapata mshororo kamili wa mizani kumi na sita, wenye kina cha kati na kina cha mwisho, usiokuwa na kasoro yoyote ya sheria. Hakuna kondakta aliyekaa chini kuutunga. Ni lugha yenyewe, iliyozoea kwenda kwa hatua hizo tangu enzi, inayotafuta mwendo wake hata mlangoni mwa basi. Wale wanaodai kwamba arudhi ya Kiswahili ni jambo la wazee na vitabu vya kale yafaa wasimame kituoni robo saa, kisha waseme tena.

Wala hatusemi kwamba safari hiyo ni karaha tupu. Mtu aliyepata kiti cha dirishani ana starehe ambayo mwenye gari lake hana: mikono yake haina kazi, na macho yake ni huru. Kuna wanaosinzia usingizi mtamu kuliko ule walioukatiza nyumbani. Kuna wasiojuana wanaobishana juu ya Simba na Yanga kuanzia Buguruni mpaka Mnazi Mmoja, wakashuka wakiagana kama ndugu. Tumesikia humo misemo mipya kabla haijafika magazetini, na mafumbo ya kina mama warudio sokoni ambayo hatujayaona katika kitabu chochote. Sehemu kubwa ya mashairi yetu, kama yana thamani yoyote, yalitungwa magotini mwetu katika foleni. Kwa hiyo tunapoihakiki safari hii, tunamhakiki mtu aliyetulisha.

Sasa tuje kwenye maandishi, ambayo ndiyo fasihi andishi ya barabara. Kioo cha nyuma cha daladala, na pengine ubavu wake, huandikwa neno alilolichagua mwenye gari au dereva. Baadhi ya maneno hayo ni methali zilizokwisha kupigwa msasa na vizazi: “Riziki Mafungu Saba”, “Tenda Wema Nenda Zako”. Msomaji akiyahesabu atakuta kila moja lina mizani nane kamili, yaani kipande kizima cha mshororo, na ndiyo maana hukaa vizuri kiooni na akilini. Mengine ni mafupi zaidi. “Kawia Ufike” ni maneno mawili tu, lakini ndani yake mna mgongano wa kukawia na kufika, na mgongano huo ndio unaoibeba hekima. Gari lililoandikwa hivyo likipita kwa kasi upande usio wake, maandishi hugeuka kejeli, na dereva huwa ameandika tamthilia bila ya kukusudia.

Yapo pia maandishi yasiyostahili wino wake. “Wivu Tu” haimfundishi mtu wala haimpendezi. Ni majivuno ya kitoto. Na majina ya timu za mpira za Uingereza, yanayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la njia, humweleza abiria mahali ambako mawazo ya mwenye gari yameelekea, hayamwelezi gari linakoelekea.

Mtu anaweza kusema kwamba maandishi haya ni mtoto wa kanga, na angekuwa na haki. Kanga nayo hubeba neno fupi; kanga nayo husema na jirani kwa fumbo. Lakini pana tofauti kubwa. Mwanamke aliyevaa kanga yenye fumbo yupo pale pale. Akiulizwa, itambidi ajibu kwa uso wake, kwa kicheko chake au kwa ukimya wake. Neno lake lina mwenyewe. Neno la kiooni hutamkwa na gari, na gari likishaondoka hakuna wa kuulizwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hoja yetu kuu, ambayo ni nyepesi kiasi kwamba tuliipita kwa miaka zaidi ya kumi. Maandishi ya daladala huelekea nje. Husomwa na aliye nyuma katika foleni, na mpita njia, na polisi wa usalama barabarani. Aliyemo ndani hayasomi. Akigeuka atayaona herufi kinyume, kama mtu anayetazama maandishi katika kioo cha kunyolea. Hekima yote ya subira, wema na riziki imewekwa pale ambapo wanaobanana humo ndani hawawezi kuisoma. Na yale tuliyozoea kuyaona yamebandikwa kwa ndani ni ya namna gani? “Abiria chunga mzigo wako.” Kwa nje, tenda wema, kwa ndani, chunga mzigo wako. Msomaji atafute mwenyewe ni lipi kati ya hayo mawili lililotulea.

Tulilitambua jambo hilo siku moja ya masika, katika miaka ya mwanzo ya utumishi wetu. Tulipandia mwanzo wa njia, tukapata kiti cha dirishani, tukatoa karatasi. Tulikuwa tunatunga shairi juu ya utu, nalo lilikuwa linakwenda vizuri. Kwenye kituo kimoja walikuwapo wanafunzi kama sita, wamelowa. Kondakta aliwaingiza wawili, kisha akaunyoosha mkono wake mlangoni, akasema, “Denti wawili wanatosha.” Wa tatu alikuwa msichana wa kidato cha kwanza au cha pili, madaftari yake alikuwa ameyatia ndani ya sweta ili yasilowe, kwa hiyo mikono yake yote miwili ilikuwa tumboni, hakuweza hata kushika chuma cha mlango. Akasema kwa adabu, “Kaka, nina mtihani.” Kondakta akapiga bodi ya gari kwa kiganja, gari likaondoka. Watu wazima wawili walikuwa wamekwisha kuingia baada ya mkono ule kunyooshwa.

Hatukusema neno. Tulikuwa tunatafuta kina cha kati. Tofauti kati ya nauli ya mwanafunzi na ya mtu mzima isingefika bei ya chai na andazi, na tungeweza kumlipia bila ya kuhisi. Tulikuwa na sauti pia. Mtu mzima mwenye tai akisema “Mpandishe mtoto huyo,” aghalabu kondakta humpandisha, japo kwa kunung'unika. Tuliposhuka Mnazi Mmoja tuliinua macho kwa desturi yetu ili tusome kioo cha nyuma. Kiliandikwa “Tenda Wema Nenda Zako”. Gari likaenda zake. Wema tulikuwa tumeuacha kituoni, umelowa.

Shairi lile tulilimaliza, na lilipata kusifiwa na waliolisoma. Vina vyake havikuwa na kosa. Lakini tangu siku ile hatukuweza kulisoma mbele ya watu, kwa sababu tulijua kwamba nalo liliandikwa kwa nje.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa kwa kumlaumu kondakta. Mhakiki mwaminifu hana budi kuuliza chanzo. Dereva na kondakta wengi wa daladala hawana mshahara wa mwezi. Kila asubuhi hukabidhiwa gari na jioni hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi cha fedha kilichopangwa, ambacho wao hukiita hesabu. Mafuta hutoka humo humo. Kinachobaki ndicho chakula chao. Asiyefikisha hesabu hujua kwamba kesho gari litapewa mwingine, na kituoni hawakosekani deiwaka wanaongoja nafasi ya siku moja. Nauli ya mwanafunzi imepangwa na mamlaka kuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, jambo la haki kabisa. Lakini upungufu huo hutokea mfukoni mwa yule anayesimama mlangoni. Taifa liliamua kumhurumia mtoto, kisha gharama ya huruma hiyo likamwachia mtu ambaye naye hana kitu. Mkono ule mlangoni, kwa hiyo, haukuwa mkono wa mtu mmoja. Ulikuwa mkono wa mwenye gari, na wa mpangaji wa nauli, na kwa siku ile ulikuwa mkono wetu pia.

Uthibitisho wa jambo hilo tunaupata katika mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya mji, ambayo wananchi waliyaita mwendokasi. Kwa mara ya kwanza chombo kikapewa jina la mwendo wake, si la nauli yake. Kwa mtu wa fasihi mabasi hayo ni makavu: hayana methali kiooni, hayana mwito wala kondakta wa kugonga bodi. Kusukumana hakukwisha, na saa za kusubiri zipo. Lakini abiria hulipa kituoni kabla ya kupanda, na mlango ukifunguka hakuna mkono unaochagua nani ni hesabu na nani ni hasara. Tunakiri kwamba tulipoyapanda mara ya kwanza tulilikosa neno la kuhakiki. Baadaye tulifahamu kwamba ule ukimya nao ulikuwa na maudhui yake.

Je, tuseme basi kwamba fasihi ya daladala haina faida, afadhali ukimya? Hapana. Kanuni nzuri humwingiza mtoto ndani ya basi. Haimfanyi aliyekaa amwone mzee aliyesimama mbele yake. Kazi hiyo ya pili ni ya lugha, ya malezi na ya mashairi. Kosa la maandishi yetu si kwamba ni mafupi, au ni ya mtaani, au yameandikwa na watu wasio na shahada. Sisi wenyewe elimu yetu iliishia sekondari, na hatuwezi kuwadharau. Kosa lake ni mwelekeo: yanamuusia asiyehusika na kumwacha anayehusika. Na kosa hilo hilo limo katika mashairi yetu mengi ya kuusia, yanayoanza na “Enyi walimwengu” na kumwacha mtunzi dirishani, mkavu, akihesabu mizani. Mshairi anayesema “ninyi” pale ambapo angepaswa kusema “sisi” ameandika kwenye kioo cha nyuma.

Tunamwomba mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi wake kazi hii. Kwa wiki moja waandike kila neno watakaloliona kwenye magari wanayopanda au wanayoyapita, mjini au kijijini, hata kwenye bodaboda na malori. Wayahesabu mizani. Watenge yaliyo methali na yaliyobuniwa. Kisha waulize swali moja ambalo vitabu vya uhakiki havijazoea kuliuliza: neno hili limeelekezwa wapi, na nani hawezi kulisoma? Wakimaliza, kila mmoja atunge neno moja la kubandikwa ndani, mbele ya macho ya aliyekaa. Mwanafunzi anayekataliwa mlangoni kila asubuhi analijua somo hili kuliko sisi, na tungefurahi kusoma atakachoandika.

Sisi wetu tumekwisha kuuandika, tukichelewa kwa miaka mingi. Haumfikii msichana yule, ambaye leo huenda ana watoto wanaosubiri kituo kile kile. Tunauweka hapa kwa kuwa deni lisipolipika hukirika:

Tumekaa dirishani, mwana nje asubiria,
Utu tunao kinywani, moyo haujaingia,
Neno liandikwe ndani, nasi likatuusia:
Basi likijaa watu, utu hutupungukia.